Baiskeli Nayo Ina Haki Milimani

Mwezi Septemba 2025 macho ya wapenzi wa michezo duniani yalielekezwa Kigali, ambako kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika katika ardhi ya Afrika. Siku ya mwisho, tarehe 28, wanaume walishindana kwa kilometa 267.5, na jumla ya vilima walivyovipanda ilizidi mita 5,000 kwenda juu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Vilima vya Kigali ndivyo vilivyowachuja.

Habari hiyo isipite hivi hivi. Rwanda haina bahari, wala haina eneo kubwa, ina vilima. Kwa miaka mingi vilima hivyo vilihesabiwa kuwa kikwazo cha maendeleo. Wenzetu wakavigeuza mtaji. Walianzisha mashindano ya kuizunguka nchi yao mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 mashindano hayo yamo katika kalenda ya kimataifa. Eritrea nayo ina mji wa Asmara, ulioko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Huko ndiko alikozaliwa Biniam Girmay, ambaye mwaka 2024 alishinda hatua tatu za mashindano makubwa ya Ufaransa na kurudi na jezi ya kijani.

Lakini Kenya inatupa somo la namna nyingine. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu, na mwaka 2006 akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hata hivyo, mara zote nne alipotwaa ubingwa wa Ufaransa, bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Uingereza. Kipaji kisichotunzwa nyumbani hutafuta kwa mwenyewe pa kutunzwa.

Je, sisi tuna nini? Tuanze na hapa tulipo. Mtu akitoka Songea, mji ulio katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, akapita njia panda ya Peramiho na Kitai, atafika Mbinga baada ya takriban kilometa 100. Sehemu kubwa ya lami hiyo ilijengwa kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Kutoka Mbinga, barabara ya kilometa 66 iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika huteremka kwenda Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mbinga iko juu ya mita 1,300. Uso wa ziwa uko karibu mita 475. Maana yake ni kwamba anayetoka ziwani kwenda Mbinga hana budi kupanda zaidi ya mita 800, ukiacha mabonde yanayomrudisha chini na kumlazimisha kuanza upya. Kaskazini iko barabara ya Madaba kwenda Njombe, mji unaokaribia mita 2,000, na mbele yake Mbeya, ambako njia ya Chunya hupita juu ya mita 2,400. Mwenyezi Mungu ametujalia viwanja vya mazoezi ambavyo mataifa mengine hugharamia nauli za ndege kuvifuata.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba barabara hizo zinangoja wapanda baiskeli. Wapo tangu zamani. Asubuhi yoyote ile, katika miteremko ya Umatengo, ambako wakulima hulima kwa ngoro ili mvua isichukue udongo, utawaona wananchi wakisukuma baiskeli zilizofungwa magunia ya mahindi au kahawa kwenye keria. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli zinasema kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Baiskeli ya mkulima wetu, ya chuma, isiyo na gia, hukaribia kilo 20. Ongeza gunia la kilo 50 na mwenyewe wa kilo 70, utaona kwamba kila apandapo kilima anainua kilo 140. Huyu hapewi jezi wala hapigiwi makofi.

Na kushuka ndiko kwenye hatari zaidi. Uzito ule ule alioupandisha kwa jasho, akiteremka hauna wa kuuzuia isipokuwa vipande viwili vya raba vinavyobana ringi. Katika mteremko mrefu raba hupata moto, hulainika, na mvua ikinyesha huteleza. Hapo hapo nyuma yake linakuja lori. Kati ya Kitai na Songea barabara hiyo hiyo hupitisha malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yaendayo bandari ya Mtwara, na bandari mpya ya Mbamba Bay, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2024, itakapokamilika italeta mengine. Hatuyachukii malori hayo, maana ni uchumi wa Taifa. Tunachokataa ni fikra kwamba barabara iliyojengwa kwa jina la wananchi wote ni mali ya mwenye injini peke yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua mpanda baiskeli kuwa mtumiaji wa barabara. Mchoro wa barabara nao umtambue.

Huenda ndugu zetu wa Visiwani wakauliza: haya ya Songea yatuhusu nini? Yanawahusu sana. Hakuna sehemu ya Muungano wetu inayoijua baiskeli kuliko Unguja na Pemba, ambako imempeleka mvuvi pwani, mtoto chuoni na mwalimu skuli. Kijana wa Unguja amezoea tambarare na upepo wa bahari, na huko hujifunza mwendo wa kasi. Yule wa Pemba amekwisha onja vilima vya kwao, ingawa ni vifupi. Kijana wa Mbinga amezoea mlima na hewa nyepesi, lakini upepo wa uso kwa uso haujui. Timu ya Taifa yenye maana itapatikana pale hawa watakapobadilishana viwanja: wa Visiwani waje kupanda huku, wa huku waende kukimbia kule. Huo nao ni Muungano, tena usiohitaji mkutano mrefu.

Basi nini kifanyike? Kwanza, TANROADS, kila inapofanya matengenezo katika miinuko mikali, ipanue lami pembezoni upande wa kupanda, ambako baiskeli huenda mwendo wa miguu, na iweke alama za kumwonya dereva. Pili, halmashauri za Songea, Mbinga na Nyasa zishirikiane na chama cha mchezo wa baiskeli kuanzisha mashindano ya kila mwaka kutoka Songea hadi Mbamba Bay, yenye daraja la baiskeli za mbio na daraja la baiskeli za kazi, wanaume kwa wanawake. Tatu, maofisa wa michezo wapite katika shule za milimani kutafuta vijana, wasingoje vijana wawafuate ofisini. Nne, mafundi wa vijijini wafundishwe ukaguzi wa breki, na askari wa usalama barabarani waifanye kazi hiyo kuwa elimu kabla ya kuwa faini.

Wapo watakaosema kwamba baiskeli ni chombo cha umaskini, na kwamba zama hizi ni za bodaboda. Tunawajibu kwamba baiskeli hainywi petroli, haihitaji fedha za kigeni kila asubuhi, na inampa afya anayeipanda. Wazee wetu husimulia jinsi makada wa TANU walivyovifikia vijiji kwa baiskeli. Na Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Kiongozi aliyekwenda kwa nguvu za mwili wake aliiona nchi kwa kimo cha mwananchi. Ofisa aipitaye milima ya Umatengo ndani ya gari lililofungwa vioo hawezi kujua kilima kina urefu gani.

Tunatoa rai kwa wahusika. Kabla ya kupitisha michoro na bajeti ya barabara hizi, mmoja wao ashuke garini chini ya kilima kimoja cha Mbinga, ashike usukani wa baiskeli yenye gunia, na asukume mpaka juu. Akifika, atakuwa na hoja ya kuitetea barabara hiyo mbele ya wenzake.