Laptopu ya Dubai na hesabu ya Sikonge

Malipo ya tumbaku yanapoingia, fedha huanza kutafuta pa kwenda wilayani Sikonge. Wapo wanaonunua bati, wapo wa pikipiki, na siku hizi wapo wenye vibanda vya stesheneri, makarani wa vyama vya msingi na wauza asali wanaotaka kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita. Njia inayosifiwa kuliko zote ni kumwagiza ndugu aliyeko Dubai, Muscat au Guangzhou, kwa madai kwamba huko bei ni nusu. Madai hayo yanahitaji kupunguzwa.

Tuseme mashine inauzwa Deira, Dubai, kwa dola 450. Ikiongezwa bima na usafiri inafika dola 480. Kwa dola moja kuwa sh. 2,600, hizo ni sh. 1,248,000. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kompyuta haitozwi ushuru wa forodha, na hapo ndipo wengi huacha kuhesabu. Inabaki kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, yaani sh. 224,640. Jumla ni sh. 1,472,640, kabla ya tozo ndogondogo na ujira wa wakala wa forodha. Duka la Dar es Salaam likitaka sh. 1,550,000 kwa mashine ya aina hiyo, tofauti haifiki hata sh. 80,000. Nusu ya bei iko wapi?

Bei ya dola nayo haikai. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu sh. 2,300; mwaka 2024 ilivuka sh. 2,600. Mashine ileile ya dola 450 ikapanda kwa sh. 135,000 bila mwenye duka wa Deira kugusa kibandiko chake.

Kuhusu umeme, hofu iliyopo ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Tanzania hutumia volti 230, Marekani 120 na Japani 100, lakini chaja za laptopu karibu zote zimeandikwa 100-240V, na zenye maandishi hayo hufanya kazi kokote. Plagi ya Dubai ni ya pini tatu za bapa kama ya hapa. Ya China au Marekani inadai adapta ya bei ndogo tu. Hatari iko kwa mwenye stesheneri anayeagiza na printa ya Marekani iliyoandikwa 120V peke yake. Hiyo ikichomekwa ukutani Sikonge inaungua siku ya kwanza. Anayetumia sola naye akumbuke kwamba chaja nyingi hutoa volti 19 au 20, kwa hiyo betri ya volti 12 haiwezi kuunganishwa moja kwa moja. Inatakiwa inveta, na inveta ina bei yake.

Wafanyabiashara wa misafara waliopita Unyanyembe kwenda Ujiji waliijua biashara ya namna hii. Richard Burton, aliyefika huko mwaka 1857, aliandika kwamba shanga zilikuwa za aina nyingi sana na kila nchi ilikuwa na rangi yake. Mzigo uliochukuliwa bila kuuliza ulikuwa mzigo wa bure, hata kama Unguja ulinunuliwa rahisi.

Rangi ya shanga ya leo ni waranti. Dhamana nyingi za laptopu hufungwa ndani ya nchi au ukanda ilikouzwa. Kioo kikifa mwezi wa nne, mwenye mashine ya Dubai anaweza kuambiwa aipeleke Dubai. Aliyenunua Dar es Salaam kwa risiti ya EFD na dhamana ya maandishi ana mlango wa kugonga, ingawa mlango huo nao uko mbali: mashine itapanda basi hadi Tabora, kisha basi au treni hadi pwani. Kama ni kipindi cha ununuzi wa tumbaku, karani amebaki na madaftari, na kibanda cha stesheneri kimefungwa huku kodi ya chumba ikiendelea. Zile sh. 80,000 zimekwisha kabla fundi hajafungua skrubu. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Sikonge afadhali achague aina ambayo fundi wa Tabora ana spea zake, hata kama si nzuri kuliko zote.

Mashine zilizotumika zinataka uangalifu zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuihudumia Windows 10, na Windows 11 hairuhusiwi rasmi kwenye mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Ofisi za Ulaya na Ghuba zina kila sababu ya kuziondoa mashine hizo. Anayeletewa laptopu ya kizazi cha sita kwa bei ya kutupwa asidhani kapata bahati. Kwa barua na hesabu ndogo itamfaa, kwa kuweka kumbukumbu za fedha za watu haifai.

Kuagiza hakukatazwi. Mwenye ndugu anayerudi likizo, anayetaka mashine moja mpya, anaweza kufaidika. Mwenye duka anayeleta kumi za kuuza yuko katika hesabu nyingine, maana kila itakayorudi na kasoro itarudi kwake. Wote wawili, kabla ya kutuma fedha, waombe picha tatu kwa simu: kibandiko cha chini chenye namba ya mashine, maandishi ya chaja, na kibodi. Namba hiyo huweza kuingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji na mara nyingi huonyesha waranti inaisha lini na ilitolewa nchi gani. Kibodi itazamwe kwa sababu ya Kifaransa huweka Q mahali pa A na W mahali pa Z, na karani anayeandika Kiswahili siku nzima ataijutia kabla ya saa nne asubuhi.