Shahidi wa tatu kwenye harusi



Wapendwa wasomaji, mpunga ukishavunwa na kuingia ghalani, huku bonde la Rufiji huanza msimu wa harusi. Juma hili ningependa tutafakari juu ya mtu ambaye hatumtaji katika mafundisho ya ndoa, ingawa siku ya ndoa hutembea kanisani kuliko mtu mwingine yeyote: mara yuko mbele ya altare, mara nyuma ya kiti cha padre, mara amepiga goti katikati ya maharusi na mimi ninayewahoji. Ni mpiga picha.

Niseme mapema kwamba simfukuzi. Zipo parokia zinazomkataza kuvuka benchi la mbele, na sababu zao nazielewa. Lakini kazi yake ikifanywa vema ni huduma kwa familia na hata kwa Kanisa. Shida ni kwamba wapiga picha wetu wengi wamefundishwa kupanga watu, kutazama hawakufundishwa.

Mazoea haya yana asili yake, na asili hiyo ni ya heshima. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na studio za namna hiyo zilienea katika miji ya pwani yetu. Mtu alivaa nguo yake bora, akaketi mbele ya pazia, akaambiwa atulie, kwa sababu kila picha iligharimu fedha na hapakuwa na nafasi ya kuharibu. Nani atawalaumu? Nyumba nyingi za pwani zina picha ya babu aliyekaa wima kama mhimili. Tatizo ni kwamba studio ile tumeibeba nzima nzima tukaiingiza kanisani, siku ambayo watu hawakuja kupigwa picha bali kufunga ndoa.

Iko njia nyingine, nayo pia ina historia. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyefariki mwaka 2004, alitembea na kamera ndogo, bila flashi, akisubiri tukio lijipange lenyewe. Kilichomgusa mwanzoni mwa miaka ya 1930 ni picha ya Martin Munkácsi, inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika: wavulana watatu, migongo kwetu, wakikimbilia mawimbi. Hakuna pozi ndani yake, ni furaha tupu. Nasikia fahari kidogo, niseme ukweli, kwamba jina la ziwa letu limeambatana na picha iliyomwelekeza mtu yule kwenye kamera.

Sasa tuingie kanisani. Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wanaooana, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kutoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Padre hupokea ridhaa hiyo kwa jina la Kanisa. Katika mapokeo yetu ya Kilatini wahudumu wa sakramenti ni maharusi wenyewe. Kanuni ya 1108 inadai pia mashahidi wawili. Hawa hawafanyi lolote la ajabu. Wapo, wanaona, wanasikia, na kesho wakiulizwa wanaweza kusema, “Naam, ilitukia mbele yetu.” Mimi humwona mpiga picha kama shahidi wa tatu. Na shahidi hamwambii mtu arudie tendo lake.

Nimeshuhudia hilo la kurudia. Bwana harusi amekwisha kuivisha pete, sala imekwisha kusemwa, mara mpiga picha anainua mkono: flashi haikuwaka, naomba aivue aivishe tena. Bibi harusi alikuwa anatiririkwa na machozi, tena machozi mema. Akayafuta, akaelekezwa ageuze shingo, akatabasamu. Leo albamu ile ina picha safi ya jambo ambalo halikutukia, na lile lililotukia halimo. Mtoto atakayezaliwa katika ndoa ile atamwona mama yake akitabasamu mbele ya kamera. Hatamwona akilia mbele ya Mungu na mbele ya baba yake.

Dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kuijua ibada. Anayejua kwamba baada ya homilia huja maswali, kisha maharusi hushikana mikono ya kuume na kutamka ridhaa, kisha pete hubarikiwa na kuvishwa, hana haja ya kukurupuka. Atakuwa amekwisha kusimama pembeni, hatua nne au tano kutoka kwao, mahali ambapo nyuso zote mbili zinaonekana na hamzibi mtu. Anajua pia kwamba baraka kuu ya wanandoa huja baada ya Baba Yetu, saa ambayo wenzake wengi wamekwisha kutoka nje kuvuta hewa. Wanakosa uso wa mama mzazi wakati ule, na kwa maoni yangu ndio uso wa siku nzima.

La pili ni mwanga. Kijana mmoja wa kazi hii alinieleza kwa subira, nami naandika kama nilivyomwelewa. Makanisa yetu ya vigango yana madirisha machache na paa la bati. Ndani ni giza, mlangoni jua kali. Mpiga picha huogopa, huwasha flashi, na kila mtu hushtuka. Angeweza kutumia lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi 1.8, akapandisha ISO hadi 1600 au 3200, akahakikisha kasi haishuki chini ya 1/125 ya sekunde. Picha itakuwa na chengachenga kidogo. Haidhuru, nani amewahi kuitupa picha ya bibi yake kwa sababu ya chengachenga? Aliniambia pia kwamba gauni jeupe huidanganya kamera: inadhani mwanga ni mwingi, inaupunguza, na nyuso zetu nyeusi zinapotea. Basi apime mwanga usoni, si kwenye gauni. Maharusi wangapi wamepata picha nzuri za vitambaa!

La tatu ni kujua pa kwenda. Katika harusi ya Kana, mkuu wa meza alionja divai asijue imetoka wapi, lakini watumishi waliochota maji walijua. Muujiza ulitukia jikoni kabla haujafika meza kuu. Albamu zetu karibu zote ni za meza kuu: keki, kamati, wasimamizi, na droni inayovuma juu ya paa kwa gharama ambayo ingelisha meza tatu. Huku Ngorongo sisi Wakatoliki ni wachache, tunaishi katikati ya ndugu zetu Waislamu. Harusi yetu ikifika, ni jirani Mwislamu anayetuazima masufuria, ni mke wake anayechambua mchele tangu usiku, ni wazee wake wanaokaa mkekani na wetu. Ukitazama albamu baadaye, hawamo. Mpiga picha aliyefika saa kumi na mbili asubuhi, akakaa jikoni mpaka watu wakamsahau, ataleta habari ya harusi jinsi ilivyokuwa.

Lakini nisieleweke vibaya. Kumpiga mtu picha bila kumpanga si kumwibia. Chumba ambamo bibi harusi anaandaliwa na kungwi wake hakiingiliki bila ruhusa, na akina mama wengi wa huku hawapendi kuonekana bila ushungi. Aliyelewa, anayetafuna, mtoto asiyevaa nguo: hawa waachwe. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini adabu ya pwani ilitangulia sheria. Ruhusa huombwa mapema, kwa mwenye nyumba na kwa wanawake wenyewe. Ikishapatikana, kamera inaweza kukaa kimya. Na picha zikabidhiwe kwanza kwa maharusi, kabla hazijarushwa katika simu za wilaya nzima.

Simu hizo nazo zina neno. Novemba 2017 Baba Mtakatifu Fransisko, sasa marehemu, aliwakumbusha waamini kwamba padre huwaalika kuinua mioyo, si kuinua simu za mkononi. Watu hamsini wakisimama na simu njiani, mpiga picha aliyelipwa haoni kitu, wala shangazi aliyesafiri kutoka Kibiti haoni kitu.

Niongeze jambo la kuhifadhi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia majumbani Rufiji na Kibiti, na albamu haiogelei. Picha ziwekwe mahali pawili mbalimbali, mojawapo pawe kwa ndugu anayeishi nyanda za juu, na chache zichapishwe karatasini kwa ajili ya wazee wasio na simu.

Kwa hiyo nimewaomba wachumba wanaojiandaa mwaka huu waje na mpiga picha wao siku ya mazoezi. Katekista atampitisha katika ibada yote, nami nitamwonyesha mahali pa kusimama. Picha za kupangwa hazijafutwa: zitapigwa baada ya misa, chini ya mwembe, kwa dakika 20, kwa orodha ya majina iliyoandikwa na familia zote mbili. Wazee waanze, maana hawawezi kusimama muda mrefu, na baadhi yao wana safari ya kurudi kabla giza halijaingia.