Uwanja wa Gofu Usipimwe kwa Ukijani

Tangu Desemba 2019, msururu wa Ulaya wa wanawake wa gofu ulipofika Vipingo, sisi wa Barani tumezoea kupima uwanja kwa ukijani wake. Kipimo hicho sikikubali. Mchezaji wa miaka 70 hana nguvu za kuurusha mpira mbali, hutegemea ubingirike. Nyasi zilizolowa huunasa papo hapo uangukapo. Hivyo maji ya ziada humtaabisha mzee, ilhali Ganze, katika kaunti hiihii, akina mama huyafuata mbali kwa madumu. Nasi humwita “mzee” kwa heshima, kisha tukamwanzishia mbali sawa na mjukuu wake! Kamati za viwanja zipunguze maji, zikate nyasi ziwe fupi, na wazee wasogezewe mahali pa kuanzia.