Nyumba za Wazee Wetu Katika Siti



Kila mwaka mvua zikikaribia mjini Lubumbashi, watu wa Kamalondo, Kenya na Katuba hupanda juu ya mapaa yao kuyatazama mabati. Mwenye fedha huziba tundu. Asiye nazo huweka jiwe juu ya bati lililolegea, akangoja. Nyumba nyingi katika mitaa hiyo zina umri kuliko watu wanaokaa ndani yake. Juma hili twataka kusema habari ya nyumba hizo, maana twaona zikiondoka moja baada ya moja, na mara nyingi jamaa nzima hutawanyika pamoja nazo.

Kwanza tukumbuke zilikotoka. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika, nao ukaitwa Élisabethville hata mwaka 1966. Wakoloni waliutenga mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, iliyoitwa siti, wakaacha uwanja mtupu katikati. Kamalondo ndiyo siti kongwe. Kenya ilifuata mwisho wa miaka ya 1920, kisha Katuba mnamo mwaka 1950. Ruashi nayo ilikua katika miaka iyo hiyo ya 1950, ambako Office des Cités Africaines, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1952, lilijenga nyumba za safu.

Mfanyakazi wa Union Minière alipewa nyumba kambini pamoja na posho, lakini nyumba ile ilikuwa ya kampuni. Siku kazi ilipokwisha, alirudisha ufunguo. Katika siti mambo yalikuwa mengine. Karani, fundi, dereva au mpishi aliyepata lupango alijenga kwa jasho lake mwenyewe. Alifyatua matofali mabichi kwa udongo wa mahali pale pale, akanunua mabati kidogo kidogo kila alipopokea mshahara. Wengine, hasa wa Katuba, walijenga kwa mkopo, wakalipa mwezi kwa mwezi. Hivyo nyumba ya vyumba viwili au vitatu yenye baraza ilikuwa ushuhuda kwamba mwenyewe hakuja mjini kama mgeni wa kazi tu. Alikuwa na mahali pa kuzeekea.

Tukiingia leo katika lupango la namna hiyo, twaona nini? Mbele pana nyumba ya wazee. Nyuma pana vyumba vidogo vilivyoongezwa baadaye, wakaamo wapangaji. Katikati pana mwembe. Chini ya mwembe mama asonga bukari, binti atwanga sombe, na watoto waandika kazi ya shule wakiwahi giza, kwa kuwa umeme ukiondoka hakuna ajuaye utarudi saa ngapi. Bomba ni moja, na ndoo zimepangwa mstari. Ukutani mwa chumba cha wageni imetundikwa picha ya harusi. Katika nyumba nyingine bado utaona mchoro wa Mamba Muntu, au wa mfungwa akichapwa mbele ya bendera ya Wabelgiji: michoro ambayo katika miaka ya 1970 wachoraji wa Katanga, kama Tshibumba Kanda Matulu, waliwauzia watu wa siti. Nayo kodi ya vile vyumba vya nyuma ndiyo ilipayo ada ya shule na dawa za bibi. Nyumba hiyo, ijapokuwa imeinama, yalisha watu.

Basi nyumba hizi zina adui wawili. Wa kwanza ni maji. Ukuta wa matofali mabichi si kitu cha kudharauliwa. Ni mnene, na joto la Oktoba haliupenyi upesi. Lakini hapa kwetu mvua hunyesha tangu Novemba hata Machi, na kwa mwaka mzima zafika milimita 1,200 hivi. Maji yaangukayo kutoka ukingo wa paa hurusha tope kwenye mguu wa ukuta, na mguu ukilowa, ukuta wote hudhoofika. Wengi hudhani dawa ni kupaka simenti. Kumbe simenti huufungia unyevu ndani. Udongo hulegea kwa siri, na siku moja plasta yadondoka pamoja na nusu ya tofali. Afadhali kurefusha ukingo wa paa, kuchimba mfereji wa kuyaondoa maji, kupaka ukuta udongo uliochanganywa na majani makavu au chokaa, na kuvunja njia za mchwa kila zionekanapo. Kazi hizo hazitaki fedha nyingi. Zataka mtu wa kuzikumbuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Adui wa pili haji na mvua. Huja na msiba. Baba amefariki, matanga hayajaondolewa, na ndugu wa marehemu wameketi barazani. Mmoja wao amwambia mjane: "Shemeji, nyumba hii ni jasho la ndugu yetu. Tafuta kwenu pa kukaa." Au watoto wakubwa, huyu yuko Kolwezi, yule yuko Kinshasa, wapiga simu: "Mama, tuiuze, tugawane." Mnunuzi hakawii. Nyumba yabomolewa, pasimama duka. Fedha zilizogawanywa kwa watu saba hazimalizi mwaka, naye mama ahamahama kwa watoto wake na mzigo wake mkononi, mgeni kila mahali.

Tuseme wazi: sheria ya nchi yetu haikubali mjane afukuzwe. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha mwaka 1987, kilichorekebishwa mwaka 2016, champa mume au mke aliyebaki haki ya kuitumia nyumba waliyokaa pamoja, na vyombo vyake. Tena, kama hawakuchagua mpango mwingine walipooana, nusu ya mali waliyoichuma pamoja ni yake mwenyewe, wala si urithi. Katika urithi watoto wana robo tatu, wa kiume na wa kike sawasawa. Katika robo inayobaki mjane ana sehemu yake, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Lakini haki hizo zategemea ndoa iliyoandikwa serikalini. Ndoa ya kimila au ya kanisani ambayo haikuandikishwa kwenye komini humwacha mama mikono mitupu mbele ya hakimu.

Na lupango je? Tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ni ya taifa. Sisi twapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na certificat d'enregistrement. Jamaa nyingi za siti zina kile kitabu cha zamani tu, livret de logeur, tena kwa jina la babu aliyekufa zamani. Mwenye karatasi ya namna hiyo aulize njia ya kuitengeneza wakati wazee wajuao habari wangali hai.

Hatusemi kwamba kuuza ni vibaya siku zote. Yawezekana nyumba imechakaa kabisa, au ugonjwa wataka fedha. Lakini kwanza mjane aulizwe, naye akubali bila kutishwa. Watoto wote wajue bei, hata binti aliyeolewa mbali. Tena mama apate nyumba nyingine kabla ya kutoka katika hii. Mauzo yasiyoweza kutimiza mambo hayo matatu ni unyang'anyi wenye sahihi.

Ninyi mlio na wazazi wazima, msingoje msiba. Jumapili hii, baada ya chakula, mwombeni baba na mama wawaonyeshe karatasi za nyumba na cheti cha ndoa. Msiogope kwamba mtaonekana mwangojea kufa kwao. Waambieni tu: "Baba, twataka mama asiondolewe hapa." Mzee mwenye akili atasimama mwenyewe kwenda kulifungua sanduku.