NDAGA YA MDOMO HAIJENGI DARASA



Katika Kinyakyusa tunalo neno moja tamu sana: ndaga. Mtu akipewa maji husema ndaga; akipewa shamba husema ndaga. Ni neno la adabu, na mtoto asiyelijua huonekana hakulelewa. Lakini leo twataka kusema wazi kwamba ndaga ya mdomo haichomi tofali wala haiezeki darasa. Ndaga ya kweli huonekana mikononi.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe. Vijana hao waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi kutoka nyumba hii hadi ile. Lakini hawakula bure. Walilima mashamba ya baba zao, na baba ndiye aliyetoa ng'ombe wa mahari. Mkono uliopokea chakula ndio uliokuwa umeshika jembe. Na vijana wale walipokuwa watu wazima, nao wakawatolea wana wao. Deni halikufa, lilihama kutoka rika hadi rika.

Sasa tuitazame Rungwe ya leo. Shule za kata zilizoenea nchini baada ya mwaka 2006 zilisimama kwa fedha za Serikali pamoja na jasho la wananchi. Kina mama walibeba mawe na maji vichwani. Wanaume walifyatua matofali wakayachoma. Asiyekuwa na fedha aliuza mikungu ya ndizi apate mchango wake. Wengi wao hawakupata kusoma hata siku moja katika shule ya sekondari. Walitoa ili sisi tupokee.

Januari 2016 Serikali ilianza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Hili ni jambo jema, na tutalitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini pamezuka neno baya vijijini. Mtu akiitwa siku ya kusogeza mawe, hujibu, "Serikali imesema bure." Twauliza: ni nani aliyesema kazi ya kulea watoto wetu imekwisha? Kilichofutwa ni ada. Wajibu haukufutwa. Tumepita mahali ambapo msingi wa darasa umeota nyasi, na matofali ambayo hayajachomwa yanayeyuka kwa mvua yetu hii isiyopumzika, huku watoto wamebanana katika chumba kimoja.

Hata hivyo, tusimwonee mkulima wa chai na ndizi. Wenye deni kubwa ni sisi tuliosoma. Wako ndugu zetu waliotoka katika shule hizi wakapata kazi Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam. Tunawaona siku ya msiba. Hufika kwa gari, huzika, na jioni huondoka wamejaza ndizi, viazi na maparachichi ya wazazi. Njiani huipita shule iliyowafundisha kusoma, bati lake limetoboka, wala hawasimami.

Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kijijini wakati wa njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akishiba asirudi, huyo ni msaliti.

Wala Mwalimu hakuwasemea vijana peke yao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulitumikia Taifa katika JKT, ambayo yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda. Karibu 400 walifukuzwa. Lakini Mwalimu hakuishia hapo. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa minono mno, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Anayewataka wengine watoe, na aanze yeye.

Kwa hiyo twajigeukia sisi wenyewe wa chama. Wananchi wanasema michango huliwa, na hatuwezi kuapa kwamba ni uongo kila mahali. Kiongozi anayepokea mchango asitoe hesabu ni kupe, hata akivaa sare ya chama. Twawezaje kumwomba mama debe la mchanga, na hesabu ya bati la mwaka jana imefichwa? Hesabu isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kisha ibandikwe mahali ambapo kila mtu ataiona. Wala mchango usiwe fimbo ya kumpiga mjane, mgonjwa na mzee. Hao wamekwisha kutoa.

Tukishasafisha nyumba yetu, tutakuwa na uso wa kumwambia kila aliyesoma hapa: ukija kuzika au kusalimia wazazi, itolee shule yako siku moja ya kazi. Kama huwezi kubeba tofali, wafundishe watoto hesabu. Kama huna nafasi, toa bei ya mfuko wa saruji. Na viongozi wa chama katika kila tawi wawe wa kwanza kufika wakiwa na majembe, wala si wa kwanza kukalia viti vya mbele.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuliosoma tumekuwa wageni wa wazazi wetu kwa miaka mingi, tumekula na tumeshiba. Siku ya tatu imefika, na jembe liko mlangoni.

Uhuru na Kazi!