Alama Peke Yake Hazimfanyi Mhandisi



Katika mkutano wa tawi letu hapa Mengo, baadhi ya wenzetu walipendekeza kwamba fedha za kuwasaidia watoto wa wanachama wanaosomea uhandisi wapewe wale tu wenye alama za juu. Wanasema fedha ni kidogo, zisitupwe. Sisi tunapinga pendekezo hilo.

Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Leo uhandisi husomwa huko kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza huwatoa wengi jasho. Tumeyaona kwa watoto wetu wawili. Mmoja alikuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi. Alipofeli hesabu mara ya kwanza maishani mwake, aliona aibu, akajificha, hakumwuliza mtu. Mwaka wa pili hakurudi chuoni. Wa pili, mtoto wa mchomeleaji wa Katwe, aliingia na alama za kadiri. Huyu alikulia penye kukosea: alimwona baba yake akikata chuma vibaya, akapima tena, akaanza upya. Naye alifeli karatasi moja. Aliwaendea walimu, akakusanya wenzake wakafanya maswali pamoja usiku, akarudia, akafaulu. Leo ni mhandisi.

Wataalamu wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa mwaka 2004 orodha ya sifa njema 24 za binadamu. Humo mna uvumilivu, hamu ya kujifunza, kujitawala na kushirikiana. Mafundi wetu wanazijua sifa hizo bila kitabu. Hata gari la umeme la Kiira, lililoundwa Makerere mwaka 2011, lilikuwa kazi ya wanafunzi na walimu wengi pamoja. Hakuna mtu mmoja aliyeliunda kwa alama zake.

Lakini tusidanganyane. Uvumilivu haulipi ada. Mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani na njaa asiambiwe kwamba hana moyo. Moyo anao, chakula ndicho hana. Anayehubiri bidii huku amefunga mkoba anamwonea mtoto wa maskini mara mbili.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, msaada utolewe kwa kadiri ya shida. Pili, anayefeli karatasi moja asikatwe, bali apewe nafasi ya kurudia, mradi anaonyesha juhudi. Tatu, wakati wa likizo kila mmoja aunganishwe na mwanachama fundi, ajifunze kuuliza, kukosea na kusahihisha.

Sisi tulioishia shule ya msingi tunajua uchungu wa mlango uliofungwa. Tusiwe sisi tunaowafungia watoto wetu. Katika mkutano ujao, tupige kura tukikumbuka hayo.

Umoja ni nguvu!