Jembe la Mgeni

Msafiri kijana afikaye katika shamba la mtu asiyemjua, akapewa chumba cha kulala na riziki ya kila siku, naye akazilipa fadhila hizo kwa saa nne, tano au sita za kupalilia, kumwagilia, kulisha mifugo au kuchuma matunda, wala senti isipite baina yake na mwenyeji wake, hatendi jambo geni machoni petu sisi tuliolelewa na methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962, katika insha yake juu ya ujamaa, kuthibitisha kwamba katika jamii zetu za zamani mtu mzima mwenye siha njema hakuruhusiwa kula jasho la wenziwe. Mimi naiona pia kuwa na sharti kwa mwenyeji, ambalo aghalabu husahauliwa: anayempa mgeni jembe ni mtu ambaye mwenyewe yumo shambani, na jembe la mgeni huwa la pili, baada ya lake. Maadamu wawili hao wanalima tuta moja, mapatano yao ni halali na yana heri. Mwenyeji akishaketi kivulini akamwachia mgeni shamba zima, hapo pamezuka ajira isiyo na ijara, hata ikipambwa kwa maneno matamu ya ukarimu.

Mpango wa sasa wa jambo hili ulianza Uingereza mwaka 1971, pale Sue Coppard, mhazili wa London aliyetamani kutoka mjini na asiwe na jamaa wa shamba wa kumkaribisha, alipopatana na shamba la Chuo cha Emerson, huko Sussex, na watu wanne wakaenda kufanya kazi mwisho wa juma mmoja, wakala, wakalala, wakarudi makwao. Jumuiya iliyozaliwa na safari hiyo, WWOOF, leo ina wenyeji katika nchi zaidi ya 100, na nyingine, kama Workaway, zimefuata nyayo zake. Tena haikuwa sadfa kwamba mashamba ya kwanza yalikuwa ya kilimo hai, kwa sababu mkulima aliyekataa dawa za kuua magugu hana budi kuyang'oa magugu hayo kwa mkono, na mikono ndiyo bidhaa ambayo mtu wa mjini anaweza kuileta bila kuwa na ujuzi wala mtaji.

Lakini kwa nini twende Sussex, ilhali Pemba ipo? Kijana wa Dar es Salaam akikaribishwa Wete au Mkoani wakati wa mavuno ya karafuu, haifai apandishwe mtini, kwani mkarafuu ni mrefu na matawi yake ni mepesi kuvunjika, na mchumaji asiye stadi hukata tawi ambalo lingezaa msimu ujao, au huanguka akavunjika mgongo, msiba ambao huwafika hata mabingwa. Mahali pake ni jamvini jioni, pamoja na mama wa nyumba na watoto, mbele ya rundo la vishada vilivyoshushwa mchana, ambapo kishada hutiwa katika kiganja, kikasukumwa kwa kiganja cha pili, karafuu zikaanguka huku na makonyo yakawekwa kule. Na makonyo hayo hayatupwi, bali hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi, yakakamuliwa mafuta. Usiku wa kwanza mgeni atakuwa amepata kibaba, na bibi aliye ubavuni pake amekwisha kujaza pishi. Kesho yake ataanika, na atafundishwa kwamba karafuu huchumwa ingali tumba, inapoanza kuiva wekundu, kwa sababu ikishafunua ua imepoteza thamani; kwamba wingu likitanda jamvi hukunjwa mbio, kwani karafuu zilizonyeshewa zikalundikwa huharibika; na kwamba kuanika juu ya lami ni kuiharibia sifa karafuu ya Zanzibar nzima. Mama yule hakuacha kuchambua kwa kuwa amepata mgeni, na mchumaji aliyepanda mtini amelipwa ujira wake kwa pishi alizoshusha, wala mgeni hakumpunguzia hata moja. Insafu ya mapatano naiona hapo.

Dhuluma nayo si ya kubuni. Nchini Australia, kijana wa kigeni mwenye viza ya kufanya kazi akiwa matembezini aliweza kuongezewa mwaka wa pili endapo angefanya siku 88 za kazi za mashambani, na kwa muda mrefu hata kazi ya kulipwa chakula na malazi tu ilihesabiwa. Wenye mashamba wasio na haya wakatambua kwamba kijana anayehitaji sahihi yao atavumilia mengi, na mwaka 2015 serikali ikafuta hesabu hiyo, ikataka ushahidi wa mshahara. New Zealand nayo huhesabu malazi na chakula kuwa ni malipo, hata mtalii mwenye viza ya matembezi tu hana ruhusa ya kuvipata kwa jasho lake. Wapo wanaoziona sheria hizo kuwa ni ukali mtupu. Mimi nasema zimeelewa kwamba kazi ya bure haimpunji anayeifanya peke yake, bali humpunja pia kibarua wa kijiji kile, ambaye watoto wake hawali maarifa wala mandhari. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro akijaza shamba wageni wa kuchuma bure, aliyezoea kulipwa kwa debe ataipata wapi ada ya shule?

Basi mgeni asipewe kazi ambayo kijijini hapo hulipiwa ujira. Apewe kazi ambazo mkulima na jamaa yake huzifanya wenyewe, na saa zake zitajwe kabla hajapanda basi; apewe chumba chenye mlango na komeo, na hili nalisisitiza kwa ajili ya mabinti zetu, ambao wazazi wao hawatawaruhusu bila dhamana hiyo, nao wana haki ya kuikataa ruhusa; na sheha, au mwenyekiti wa kitongoji, ajulishwe jina la mgeni siku ile ile anapofika. Mgeni wa kutoka ng'ambo ana sharti la ziada, kwa kuwa Tanzania humtaka mtu wa kujitolea awe na kibali cha ukaazi, wala viza ya utalii haimtoshi.

Ila hamu yangu haiko kwa huyo wa ng'ambo. Pasi yake humfungulia njia nyingi, ilhali kijana wetu akitaka kwenda kupalilia Ufaransa hudaiwa taarifa za benki na barua za mwajiri hata kabla hajaulizwa kama anajua kushika jembe. Nchini mwetu hahitaji viza. Kila Novemba maelfu ya vijana wa Tanzania humaliza mtihani wa kidato cha nne, na watakaochaguliwa kuendelea hawaanzi kidato cha tano mpaka Julai au karibu yake. Miezi hiyo yote wengi wa mijini huimalizia vibarazani na kwenye simu, na wamo miongoni mwao waliokunywa chai tangu utotoni bila kuona Njombe jinsi jani linavyochumwa, au waliosoma habari za mibuni bila kujua kwamba ni lazima ikatwe matawi ili izae. Kuwapeleka kwa majuma matatu au manne, kwa nauli yao, kwenye nyumba ya mkulima mwenye subira ya kufundisha, hakudai bajeti ya wizara.

Kunadai orodha. Maofisa ugani wanawajua wakulima wa tabia hiyo, kijiji kwa kijiji, na vyama vya ushirika vina wanachama wao waliokwisha kuandikwa. KNCU ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1933, ingeweza kuwauliza wakulima wake ni nani yuko radhi kumpokea kijana mmoja mwezi wa Januari, mibuni inapohitaji kupaliliwa, na majibu yakapelekwa kwa wakuu wa shule kabla wanafunzi hawajatawanyika. Wakipatikana wakulima ishirini tu kwa mwaka wa kwanza, wanatosha.